Mtihani Aliosamehewa Kapteni

Siku yangu ya kwanza kazini Dodoma, Sajini Meja wa ghala la silaha hakuniuliza nimetoka wapi wala chuoni nilipata alama gani. Aliweka bastola mezani, akarudi nyuma hatua chache, akaniuliza kama ina risasi. Nilikuwa konstebo mpya, sare yangu bado ngumu, na niliona wazi kwamba anasubiri nibahatishe. Nikamwambia, "Sijui, afande, mpaka nitazame." Akaniruhusu. Nikaelekeza mtutu ukutani, nikachomoa magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia ndani ya mpini, kisha nikavuta sehemu ya juu na kuchungulia chemba, pale risasi inapokaa ikingoja kufyatuliwa. Ilikuwa tupu. Sajini Meja akasema nitabaki kwake, na tangu siku hiyo kazi yangu ikawa silaha.

Nyinyi vijana mnaosoma haya mmekuta mambo yamebadilika, kwa hiyo niwaeleze tulivyokuwa tukifanya. Baada ya kujifunza ghalani nilipelekwa Kondoa, kisha Mpwapwa. Huko silaha za raia zilikuwa magobore, bunduki za kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu, ambazo wakulima walilindia mtama usiliwe na nguruwe pori. Nilizunguka vijijini kwa baiskeli nikiwaonyesha wazee namna ya kuhifadhi baruti mbali na moto wa jikoni. Wengi Kiswahili chao kilikuwa cha kuokoteza, na kule Mpwapwa nikawa nawaeleza kwa Kigogo, lugha ya mama yangu. Hapo nilijifunza kufundisha.

Niliporudishwa Dodoma mjini nilikuwa koplo, na nchi ilikuwa imeingia enzi za ruksa, biashara zikafunguliwa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa bidhaa. Mtaa wa Kizota karakana zilichipuka, watu wakafunga mashine za kukamua alizeti na kusaga nafaka. Mwenye mali alianza kuogopa kuibiwa, na aliyeogopa alitaka bastola. Nikawekwa kwenye dawati la leseni za silaha, chini ya Mrakibu mmoja mrefu, mpole wa sauti, ambaye hakupenda kuona mtu anakimbia ofisini. Wafanyabiashara wengine walipoingia na kunikuta walikuwa wakiuliza afande mwenyewe yuko wapi. Mrakibu alikuwa akiwajibu kutoka chumba cha ndani kwamba wameshamwona.

Utaratibu wetu ulikuwa hivi. Raia aliyetaka kununua bastola alichunguzwa tabia kwanza, halafu alikuja kwangu kufanya mtihani wa usalama. Alieleza silaha yake inavyofanya kazi, akaifungua na kuikagua mbele yangu, kisha tukaenda uwanja wa shabaha nje ya mji, chini ya vilima. Huko nilisimamisha mbao zenye picha. Ubao mmoja una mtu aliyeshika panga, mwingine mwanamke mwenye ndoo kichwani, mwingine mzee na mkongojo. Sikujali sana risasi inagonga kifua au bega. Nilitaka kujua kama mtu anatambua aliye mbele yake kabla ya kugusa kifyatulio. Akifaulu alipewa cheti, na bila cheti muuzaji wa silaha hamuuzii.

Watu wa aina moja tu walisamehewa mtihani: wanajeshi. Aliye kazini au aliyestaafu kwa heshima alionyesha hati zake za jeshi akaruka hatua hiyo. Sababu yake ilieleweka. Jeshi lilikuwa limemfundisha silaha tangu ujana wake, na sisi polisi tungekuwa tunamfundisha baba kazi yake. Lakini mimi nilikuwa na wasiwasi kidogo. Bunduki ya vitani ni ndefu, unaishika kwa mikono miwili na mtutu wake unauona. Bastola ni fupi, ukigeuza kiwiko tu umeshamwelekezea jirani. Tena mtu hupimwa jeshini akiwa kijana, na leseni anaiomba akiwa na mvi.

Wasiwasi huo ulipata jina siku alipokuja Kapteni mstaafu Chilewa. Alikuwa na nyumba mtaa wa Ipagala na mashine ya alizeti Kizota, na mji mzima ulijua alipigana vitani na kurudi na nishani. Alivaa suruali iliyopigwa pasi ikasimama mistari, akatoa hati zake, akazungumza nasi kwa adabu. Alisema amekuwa akisikia watu wakizungukazunguka uani kwake na anataka kulinda familia. Kila kitu chake kilikuwa sawa. Mrakibu aliniambia niandae kibali wiki hiyo hiyo.

Kesho yake akaja mke wake, Mwalimu Damari, mwanamke mfupi mwenye macho makini, aliyekuwa akifundisha watoto wasioona kule Buigiri. Alikataa kukaa ofisini, tukasimama nje kando ya ukuta. Alisema kwa kazi yake anazijua dalili, na mumewe anazo zote, ila hataki kusikia. Chai anamimina nje ya kikombe. Barabarani anawapita rafiki zake bila salamu, wao wanadhani ana majivuno.

"Nikiingia mlangoni ananijua nikisema tu," akaniambia. "Na wajukuu wangu wakicheza wanajificha, hawasemi. Mpe hiyo bastola, afande, halafu uje kutuzika."

Nilimpelekea Mrakibu maneno hayo kama yalivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani yake akaifuta. Akasema taratibu zinamsamehe Kapteni, na dawati letu haliwezi kumnyima mtu haki kwa maneno ya mke wake; wiki ijayo wake wote wa mji wangekuwa mlangoni. Nikamwambia sikusudii kumnyima. Naomba ruhusa ya kwenda kumwalika afanye mtihani kwa hiari.

"Atakufukuza," akasema.

"Akinifukuza nitarudi, afande, na kibali kitatoka."

Akanipa ruhusa. Nilimkuta Kapteni Kizota, kwenye kelele za mashine na harufu ya mashudu ya alizeti. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akanipeleka kibandani kwake ambako tungeweza kusikilizana. Nilimweleza nilichokuja kuomba. Uso ukambadilika. Akasema amewafundisha vijana kushika silaha mimi nikiwa bado nachunga mbuzi, na kwamba taifa lenyewe limemsamehe mtihani huo, sasa koplo ni nani. Hakupaza sauti, na hilo lilinitisha zaidi.

Nilikuwa nimesimama wima kama niko mbele ya mkuu wangu. Nikamjibu, "Mzee, heshima yako siigusi. Jeshi lilikupima kabla ya kukukabidhi bunduki, na wewe ukawapima vijana wako. Mimi ndiye nitakayekukabidhi hii. Naomba nami nikupime."

Alinitazama, au nilidhani ananitazama, kwa maana macho yake yalielekea pembeni kidogo ya uso wangu. Kisha akauliza uwanja unafunguliwa saa ngapi.

Asubuhi ya mtihani Mrakibu naye alikuja, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Nilimkabidhi Kapteni bastola, na ninawaambia kweli, sijaona mikono kama ile. Alichomoa magazini, akavuta, akakagua chemba kwa kidole pamoja na jicho, akarudisha, na mtutu haukuyumba hata mara moja kuelekea tulipo. Maswali aliyajibu kwa maneno machache kuliko niliyoyatumia kuuliza. Mrakibu alinigeukia kama anayesema, umeona sasa. Nami nikaanza kuogopa, maana angefaulu na hapo nisingekuwa na neno.

Tukaenda kwenye mbao. Nilisimamisha ubao wa mwanamke mwenye ndoo, nikarudi, nikatoa amri. Kapteni aliinua bastola kwa mikono miwili. Upepo wa Dodoma ulikuwa unavuma na vumbi lake, na sote tulingoja mlio. Haukuja. Alisimama vile muda mrefu, shingo imesogea mbele. Halafu akashusha mikono polepole, akatoa magazini, akaitoa risasi chembani, akaiweka silaha mezani mtutu ukielekea kilimani.

"Naona mtu," akasema. "Simjui ni nani. Siwezi kumpiga mtu nisiyemjua ni nani."

Mrakibu, ambaye alimzidi Kapteni kwa madaraka ya siku ile, alisogea akamshika mkono na kumtembeza hadi kwenye gari, wakiongea mambo ya mvua. Kapteni mwenyewe ndiye aliyefuta ombi lake. Mimi nilibaki kukusanya mbao.

Mwalimu Damari alimpeleka hospitali ya macho. Ulikuwa mtoto wa jicho, ule ukungu unaotanda kwenye mboni, nao hutolewa kwa upasuaji. Miezi ikapita. Siku moja Kapteni akaingia ofisini kwetu peke yake, akanisalimia kabla sijainuka, akasema amekuja kumaliza mtihani wake. Alifaulu mbao zote. Nilimwandikia cheti kwa mkono wangu, nikamuuliza kama nimwandalie na kibali cha kununua.

Akakikunja cheti, akatia mfukoni. "Hapana, mwanangu. Nilitaka bastola kwa sababu nilikuwa nasikia nyayo za watu bila kuwaona. Sasa nawaona. Ni majirani, wanapita njia ya mkato."

Msamaha wa wanajeshi haukufutwa wakati wetu. Koplo habadilishi taratibu za nchi. Ila Kapteni alizungumza na wenzake wastaafu, na wakaanza kuja wenyewe, mmoja baada ya mwingine, wakisema hawataki kusamehewa mtihani ambao Kapteni ameufanya. Baadaye kila mwanajeshi aliyeleta hati zake Dodoma alialikwa uwanjani, na sikumbuki aliyekataa.

Nilistaafu nikiwa mkaguzi. Mtu wa kazi kama yangu hana jengo la kuonyesha wala daraja. Ninachojivunia ni watoto wa Ipagala na Kizota waliokua salama katika nyumba zenye silaha, na wao hawajui kwamba kuna mtu aliwahi kuwafikiria.

Siku ya kuagwa nilivaa gauni, sare nikiwa nimeikabidhi asubuhi. Baada ya hotuba, Kapteni Chilewa aliinuka safu ya nyuma akiwa na bereti kichwani na nishani zake kifuani, akatembea hadi mbele yangu, akasimama wima akanipigia saluti. Kwa taratibu zetu, asiye na kofia harudishi saluti. Nikabana visigino, nikanyoosha mikono ubavuni, nikaipokea.