Uwanja wa TV Mbili

Mektilda hajawahi kufika mbali kuliko Dodoma, lakini muulize habari za ukumbi mmoja mkubwa wa Los Angeles, atakueleza milango iko wapi na foleni ilianzia upande gani. Ana banda la gemu Ng'ambo, mjini Tabora, nyuma ya mashine ya kusaga. Kwa miaka mingi, kila Juni, aliwaonyesha watu E3, yale maonyesho makubwa ya gemu ambako makampuni ya dunia yalikutana chini ya paa moja na kutambiana.

Hayakumfikia moja kwa moja, maana intaneti ya wakati ule ilikuwa ya kusuasua. Kaka yake Justus, fundi simu Kariakoo, aliyapakua, akayatia kwenye flashi na kumkabidhi konda wa basi. Tabora imezoea kungoja vitu vya pwani tangu enzi za misafara, kwa hiyo kungoja hakukumuudhi mtu. Kosa lilikuwa kupata habari kwingine ukazitoboa kabla flashi haijafika. Mwenye mdomo wa hivyo alinyimwa kiti.

Kilichowavuta watu hasa kilikuwa wazo la Masanja, mkulima wa pamba wa Bukene na kiongozi wa ngoma tangu ujana wake, ambaye kila baada ya mavuno hupanda treni kuja kuwasalimu wanawe mjini. Mwaka wa kwanza aliona makampuni yakitangaza kwa zamu kwenye TV moja, akacheka sana. Kwao Wagika na Wagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, hawapokezani uwanja. Wanacheza wakati mmoja, wakitazamana, na mwenye watu wengi ndiye mshindi. Mektilda akaazima TV ya pili, baadaye akanunua ya kwake, akaziweka kwenye kuta mbili za ua zinazoelekeana, chini ya turubai. Kampuni hii huku, ile kule, na watu wachague kwa miguu yao.

Jamani, ua ule! Kwenye TV moja farasi anatoka kwenye ukungu, manyoya yameloa, unaona unywele mmoja mmoja, na watu wazima wenye wajukuu wanajishika vichwa. Wanakimbilia kwa farasi. Hawajatulia, nyuma yao kunapasuka kitu kingine, wanageuka mbio. Na ndani ya TV, maelfu ya watu waliojaa ukumbi ule wamejishika vichwa vile vile. Hapo ndipo Mektilda alipokuwa akisisimka mpaka machozi yanamlenga: mtu wa Ng'ambo na mtu wa Los Angeles kupigwa na butwaa moja.

Kisha makampuni yakaanza kupukutika. Kampuni moja ikajitoa, nyingine ikafuata, kila moja ikaona heri itangaze yake peke yake mtandaoni. Korona nayo ikafunga milango. Desemba moja Justus akapiga simu kusema wenye maonyesho wametangaza kwamba hayatarudi tena. Mektilda aliamini yamekufa kwa kuwa duniani hakukubaki kitu cha kushangaza. Masanja alimkatalia. Alisema ngoma ipo, ila kila mtu sasa anaichezea uani kwake.

Mektilda ni mzaliwa wa Kwihara. Utotoni aliwacheka wageni waliokuja kulishangaa tembe la Livingstone, nyumba tupu ya udongo ambayo msafara wake ulishapita zamani. Siku hizi akifagia ua wake anawaelewa. Watu hawakuja tena kwa wingi. Kila mtu alishangaa peke yake, kainamia simu.

Juni hii alikuwa ameshakubaliana na Levina, mwenye saluni ya jirani, kwamba achukue TV moja. Lakini kabla haijaondoka akataka kujaribu mara ya mwisho, na akamwita Masanja. TV ya kulia aliiwekea gemu mpya za mwaka huu. Ya kushoto aliiwekea flashi ya zamani ya Justus, E3 ya enzi zake. Tusimfichie: alitaka ya zamani ishinde. Asubuhi ile alisali hata rozari.

Watu wakaja, wengi kuliko alivyotegemea, simu mikononi. Kushoto farasi akatoka kwenye ukungu. Mektilda akasogea, na moyo ukamshuka. Yale manyoya aliyoapa kwamba angeweza kuyahesabu yalikuwa rangi iliyopakwa tu, kama mchoro wa ukutani. Kulia kukatokea msitu, jani kwa jani likicheza na upepo, na nyuki wakamiminika kutoka kwenye mti hata mrina asali aliyekaa mbele akajifunika uso kwa kofia. Ua mzima ukahamia huko. Masanja alibaki naye kidogo kwa heshima, kisha akakohoa.

"Nisamehe, mama," alisema, akaenda.

Akabaki peke yake na farasi wake. Sheria ya uwanja ilikuwa wazi, na alikuwa ameshindwa. Ndipo alipogeuka akawaona: simu zimerudi mifukoni, mikono iko vichwani, hata Masanja mdomo wazi. Ulikuwa ule ule mshangao wa ukumbi mkubwa, mzima, na ulikuwa uani kwake. Miguu yake yenyewe ikampeleka kulia.

Alikuwa bado amesimama kati yao Levina alipoingia na toroli. Levina alizitazama TV zote mbili, akaona kwamba moja haina mtu.

"Dada Mektilda, nichukue ile pale? Naona haina kazi."

Mektilda aliangalia kushoto. Ule ukumbi wa zamani ulikuwa bado unapiga makofi, na uani hakuna aliyeutazama.

"Hiyo nisamehe, mdogo wangu. Nikikupa, hii itashindana na nani?"

Levina akaegesha toroli ukutani. Akatafuta pa kukaa, akakosa.