Jeki Ilikuwa Mahali Pake

Jumamosi, Juni 14, 2025. Makambako imeamka na ukungu mzito, na upepo wa baridi unaouma vidole. Saa moja na nusu asubuhi Nahumu Mwalongo amelala chali chini ya Pijo 404 ya mwaka 1968. Anagonga sakafu ya gari kwa nyundo ndogo, kisha anasikiliza.

"Chuma kizima kinaita," anasema. "Kilichooza kinajibu kama boksi."

Nahumu, mwenye umri wa miaka 46, ni fundi bodi. Karakana yake iko kando ya barabara iendayo Njombe. Siku hizi anajulikana kwa kazi moja: kuimarisha sehemu za kuwekea jeki kwenye magari ya zamani. Ziko nne, chini ya sakafu, karibu na magurudumu. Matope hukaa hapo masika yote, na kutu hula kimyakimya.

Leo amebakiza kona moja, ya nyuma kulia.

Kazi yenyewe haina haraka. Hukata chuma kibovu mpaka afikie kinachong'aa. Huchora umbo kwenye katoni, kisha hukata bati nene, kubwa kuliko tundu, ili uzito wa gari ugawanyike hadi kwenye chuma kizima. Huchomelea kidogo kona hii, kidogo kona ya mkabala, bati lisipinde kwa joto. Ndoo ya maji haikai mbali.

"Hilo ni gari au kifaru?" anamtania Amon, makanika wa karakana ya jirani. "Wenzako wanapaka puti, saa sita wanakula chipsi. Wewe bado uko mvunguni!"

"Acha wale," anajibu Nahumu.

Kwa kona moja anatoza shilingi elfu sitini. Wapo wanaofunika tundu kwa puti, ule uji mzito wa kuzibia bodi unaokauka, na lami juu yake, kwa elfu kumi na tano. Wateja wengi wakisikia bei huondoka, na kuna wiki hapati gari hata moja. Hata hivyo hapunguzi bati. Kabla ya kuwasha mashine huvua kofia na kuomba. Ombi lake ni fupi: "Bwana, usiniache nifunike."

Sababu ya ombi hilo ni gari hili hili.

Mwaka 2021, Romani Mgaya, mwalimu mstaafu wa kijiji cha Yakobi, alilileta Pijo lake lipakwe rangi kwa ajili ya harusi ya binti yake. Nahumu aliligonga chini. Kona ya nyuma kulia ilijibu vibaya. Harusi ilikuwa Jumamosi, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Akajaza puti, akapaka lami, akanyamaza. Gari likang'aa.

Wiki mbili baadaye Romani alilipeleka Njombe kubadilisha breki. Fundi alikuwa Elius, kaka yake Nahumu, ndiye aliyemfundisha kushika spana. Elius aliweka jeki, akaingia chini bila stendi za kulishikilia gari. Gari likamshukia. Aliacha mjane, Tabea, na watoto watatu.

Msibani watu walisema Elius alikosea mahali pa kuweka jeki. Maneno hayo yakaota mizizi. Hata leo, fundi akizembea Njombe huambiwa, "Utaweka jeki kama Elius."

Nahumu alijua. Siku ya ajali alikwenda kusaidia kulivuta gari, akaliona tundu. Alilifunika tena, safari hii kwa zulia la ndani ya gari.

Gari lilikaa miaka minne chini ya turubai nyumbani kwa Romani. Mwezi uliopita likapata mnunuzi. Nahumu alikwenda kumsihi mwalimu asiliuze kabla hajalitengeneza, bure. Kisha akampigia simu Tabea, akamwomba aje leo.

Tabea anafika saa nne, amejitanda kitenge. Romani yuko nyuma yake.

"Kamwene, shemeji."

"Kamwene. Umeniitia nini kwenye gari hili, shemeji?"

Nahumu anakunja zulia. Anaelekeza tochi. Kwenye sakafu kuna tundu la mviringo, kingo zake zimepinda kwenda juu, na puti kavu bado imeng'ang'ania.

"Hiyo ni alama ya kichwa cha jeki," anasema. "Kilipenya hapa. Na hapa ndipo jeki inapotakiwa kuwekwa."

Tabea anainama. Anapitisha kidole kwenye ukingo wa tundu.

"Kwa hiyo hakukosea?"

"Hakukosea. Nilikosea mimi. Hii puti ni yangu."

Kwenye karakana ya jirani Amon anazima redio yake, anasogea. Mwalimu Romani anavua kofia. "Na mimi nilimharakisha Nahumu," anasema. "Kisha nikawa wa kwanza kusema Elius alizembea."

Tabea hamtazami mwalimu. "Miaka minne, Nahumu," anasema. Hamwiti tena shemeji. "Ulikaa mkekani kwangu, ukala ugali wangu. Mwanangu amepigana shuleni kwa ajili ya jina la baba yake, na wewe ukamshauri asamehe."

"Ndiyo."

"Unataka nikusamehe leo?"

"Sikukuitia hilo. Nilitaka ulione kabla sijaliziba."

Tabea anafuta kidole kwenye kitenge. Nje lori la majani ya chai linapita kutoka upande wa Lupembe.

"Msamaha nitamwomba Mungu anipe, mimi sina," anasema hatimaye. "Lakini jina la mume wangu ulilichukua mbele za watu. Utalirudisha wapi? Humu gereji?"

"Nitalirudisha usharikani kwenu."

"Usininong'oneze. Sema, hawa wasikie."

Nahumu anasimama, mikono myeusi imening'inia.

"Amon, mwalimu, mnisikie. Kesho, ibada ya kwanza, Njombe, baada ya matangazo nitasimama. Nitasema kaka yangu Elius aliweka jeki mahali pake. Nitasema kilichomuua ni puti yangu. Na nitasema nilijua."