Enzi za Kutembea Mgongoni

Enzi zetu, sisi tuliolelewa Thika kwenye nyumba za mabati zilizopangwa mstari mmoja, mgongo wa mtu mzima ulikuwa barabara. Siku hizi mtu akiumwa mgongo anatafuta daktari. Wakati ule alitafuta mtoto wa darasa la pili.

Mama alikuwa akichuma kahawa kwenye mashamba ya watu. Jioni aliingia akinuka majani mabichi, akatandika gunia sakafuni, akalala kifudifudi na kuita, "Kamau! Njoo unikanyage!" Mimi nilikuwa na uzito unaofaa kabisa: wa kutosha kusikika, lakini si wa kuua mtu. Sharti lilikuwa kuosha miguu kwanza, na nadhani bila migongo ya wazazi wetu watoto wa mtaa ule hatungeijua sabuni. Unashika meza, unapanda, mguu mmoja huku na mwingine kule, uti wa mgongo unabaki katikati kama reli. Na kwa kuwa mama hakupenda muda upotee bure, nilitembea nikikariri hesabu za kuzidisha, kuanzia mbili mara moja mabegani nikishuka.

"Sita mara sita, thelathini na sita. Sita mara saba..."

"Hapo! Usitoke hapo!"

Maumivu yake yaliishi kwenye sita mara saba. Ndiyo maana mpaka leo saba mara nane hunitoa jasho, lakini sita mara saba hata uniamshe usingizini.

Sifa zangu zilienea. Jirani yetu Mama Njoki alikuwa akibisha mlango kama mtu anayekuja kuomba ungo: "Niazime Kamau kidogo, nimefua mablanketi." Nililipwa githeri, mahindi na maharagwe ya kukaangwa yenye vitunguu vingi. Hata mzee mmoja wa kanisa alinihitaji, naye alilala kifudifudi akiwa amevaa tai, eti mtu wa heshima hakanyagwi hivi hivi.

Halafu likizo moja nikaenda kwa cucu, mama yake mama, nikanenepeshwa kwa ndizi na maziwa. Niliporudi na kupanda kazini, mama alitoa sauti ya mlango usiotiwa mafuta.

"Shuka. Umekuwa mzito. Niitie Wanjiru."

Wanjiru ni dada yangu mdogo. Yaani nilistaafu kabla meno ya utotoni hayajaisha kung'oka. Nililia nyuma ya tangi la maji mpaka githeri ikaiva.

Sasa nitazame leo, hapa Ruiru. Mchana nakaa kwenye kiti cha duka la vifaa vya ujenzi, jioni nakaa nyumbani nikipumzika kutokana na kukaa. Sofa yetu ina shimo lenye umbo langu; wageni wakikalia hapo wanaomba radhi. Majuzi niliinama kuokota rimoti, nikapiga chafya, na mgongo ukagoma nikiwa nimepinda kama ndoano.

Na wiki ile ndiyo nilikuwa nimemwita mama aje kutoka Theta, anakoishi peke yake na kashamba kake. Nilitaka kumwambia jembe sasa basi, ahamie kwetu, umri umeenda. Hotuba nilishaipanga. Lakini mtu anayetembea akitazama vidole vyake vya miguu atamwambia nini mwanamke anayebeba mzigo wa kuni mgongoni huku akiimba?

Nikamwomba binti yangu Kui anikanyage. Watoto wa leo! Aliweka mguu mmoja, tena na soksi, akapiga picha, akashuka. "Dad, imetosha, nimeshapost."

Mke wangu akanipeleka kwa mtaalamu wa kunyoosha viungo, dada mmoja kijana mwenye vidole gumba kama misumari ya paa.

"Unafanya kazi gani nzito?" aliniuliza.

"Anabeba rimoti," mke wangu akajibu.

Dada yule alinikanda, akanivuta, akaniegemea na kiwiko mpaka nikawataja mababu zangu. Kisha akanieleza taratibu: kukaa kutwa bila kuinuka, kuinua mtungi wa gesi kwa kuinama badala ya kukunja magoti, godoro lililobonyea. "Mgongo wako hauna ugonjwa, Baba Kui. Una ukaaji." Akanipa mazoezi ya kufanya sakafuni, akakataza mtu yeyote asinikanyage.

Jumamosi mama alifika mapema kuliko tulivyomtarajia, na kiondo cha nduma za shambani kwake mgongoni. Akanikuta kifudifudi kwenye zulia. Nikaona nisingoje, nikaanza hotuba yangu mdomo ukiwa na manyoya ya zulia.

"Mama, hilo jembe uliache. Unaumia."

"Nikiliacha nitakuwa kama wewe?"

Hotuba ikaishia hapo. Nikasikia viatu vikivuliwa. Nikamwambia daktari amekataza nisikanyagwe.

"Nani atakukanyaga? Napita tu."

Akamshika mke wangu bega, akapanda. Nilikaza meno nikingoja uzito. Mwanamke yule alikuwa mpana kama barabara ya Garissa. Nilipokuwa mdogo, kutoka mabegani hadi kiunoni mwake ilikuwa safari. Nikangoja. Uzito haukuja. Miguu iliyokuwa mgongoni mwangu ilikuwa ya mtoto wa darasa la pili.

"Sita mara saba?" akauliza kutoka juu.

"Arobaini na mbili."

"Basi kichwa kizima. Ni mgongo tu."

Kui alikuwa mlangoni na simu yake, na kwa mara ya kwanza hakupiga picha.

Enzi zile mzee akichoka alijua aite nani. Siku hizi tuna zulia, tuna sofa, tuna madaktari wa kila kiungo, lakini sijui ni nani wa kumwambia kwamba mama amekuwa mwepesi hivi.

"Nimekuwa mzito?" akauliza. "Nishuke?"

"Bado, mama," nikasema. "Anza tena kutoka mbili mara moja."