Bakuli la Mama Yuki

Harufu ya ufuta unaokaangwa bila mafuta hunirudisha Bredäng, kitongoji cha Uswidi, ghorofa ya tatu, miaka ya themanini, mlangoni kwa jirani yetu Mjapani. Mama alimwita Mama Yuki kwa jina la mwanawe mchanga, maana kwao Mombasa mwanamke mwenye mtoto haitwi jina lake hivi hivi.

Mama Yuki alikuwa mtu wa kanuni. Akija kwetu alivua viatu mlangoni, akavigeuza ncha zielekee nje, tayari kwa safari ya kurudi. Kwenye taa za barabarani alisubiri rangi ya kijani hata pasipo na gari, theluji ikimtua mabegani, huku Baba akivuka zake na kututania kwamba yule ni askari asiye na sare. Mimi nilibaki nyuma na Mama Yuki. Nilipenda kusubiri naye.

Alipohamia alituletea bakuli la buluu lenye vitonge vya wali na ufuta. Mama hangeweza kulirudisha tupu. Mkono mtupu haulambwi, alisema, akalijaza mahamri. Baada ya siku chache likarudi na figili za siki. Likaenda na kaimati, likaja na keki. Kumbe Wajapani nao wana desturi ile ile, ila hatukujua, na kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayeupenda mchezo. Kiswidi chao wote wawili kilikuwa cha kuokoteza, lakini walisimama pale mlangoni wakicheka mpaka chai ya Mama ikafurika jikoni. Katika jengo zima hakuna mwingine aliyewahi kutupigia hodi.

Kisha Mama akapata kazi ya usafi Skärholmen, akawa anarudi hoi. Bakuli lilikaa mezani, naye kila akiliona anaguna.

"Lirudishe hivyo hivyo," Baba alimwambia. "Mbingu haitaanguka."

Mama akalisugua mpaka likang'aa, tukalipeleka. Mama Yuki alilipokea kwa mikono miwili, akatazama ndani, akainama kuliko kawaida yake, akafunga mlango taratibu.

Hakuja tena. Kwenye lifti alisalimu, akaulizia hali, basi. Mama aliumia. "Kumbe alipenda mahamri yangu, si mimi," alisema, na tangu hapo akawa anaupita ule mlango bila kugeuza shingo. Mkataba wa kazi wa mumewe ulipokwisha, Mama Yuki alipita nyumba hadi nyumba kuaga, akigawa taulo ndogo zilizofungwa vizuri. Yetu ilikuwa sawasawa na za wengine. Mama alilia.

Ukubwani nilifanya kazi na mwanamke Mjapani wa Osaka, nikamsimulia habari hizi kama kichekesho. Hakucheka. Nilimuuliza yeye angefanyaje akirudishiwa chombo kitupu.

"Ningejua nimemchosha jirani yangu," alisema. "Ningemwacha apumzike."

Basi ule ukimya tuliouita dharau ulikuwa heshima, tena heshima iliyomgharimu, kwa kuwa naye hakuwa na mlango mwingine wa kupiga hodi. Jioni ile nilimpigia Mama simu nikamweleza yote. Nikamsikia akizima redio yake.

"Saa hizi," akauliza, "kule kwa Mama Yuki ni saa ngapi?"