Naibeba, Naitoa

Wateja walimwita Fundi Pindo, maana pindo alilolishona halikujua kufumuka. Sifa yake nyingine ilikuwa kifua cha kutunza siri. Mume akija kuchokonoa kama mkewe amenenepa, alijibiwa kuwa vipimo vya mtu havitoki nje ya daftari, na kama anataka suruali apange foleni.

Kwa bintiye wa miaka kumi na sita, hata hivyo, mambo yalikuwa mengine. Fundi simu wa jirani alimuunganishia simu yake na ya binti, kila ujumbe wa binti ukawa unasomwa na mama huku mguu ukikanyaga cherehani. Alijiona mjanja kweli.

Jumatano akaona binti amemwandikia rafikiye: "Mwezi wa tatu huu naibeba peke yangu. Jumamosi naitoa."

Hakuuliza. Alimkokota mtoto hadi zahanati, akaeleza shida yake kwa sauti mbele ya foleni nzima. Kipimo cha mimba hakikuonyesha kitu.

Njiani ndipo binti aliposema, macho makavu. "Ni siri, Mama. Nilikuwa nimebeba siri. Jumamosi nilitaka kukwambia wewe." Akaongeza: "Viuno vya wateja unavificha. Changu umekitangaza."

Aibu ilimwasha hadi masikioni. Hiyo "i" moja ingeweza kuwa siri, barua, hata kazi ya shule. Yeye akaijaza hofu yake mwenyewe.

Alimwomba mtoto msamaha, bila kutia "lakini" yoyote. Kisha akaenda kwa fundi simu, akamwamuru azitenganishe. Fundi akamshauri abakize kidogo tu, kwa usalama. Alikataa katakata, akasimama palepale mpaka kazi ikaisha.

Jumamosi ikafika, akauma ulimi. Ikapita. Jumamosi ya pili binti akasimama mlangoni pa chumba cha kushonea.

"Ile siri nimemwambia shangazi."

Neno hilo lilimchoma, tena sana. Alitamani kumpigia wifi yake dakika hiyohiyo.

"Amekusaidia?" aliuliza.

"Amenisaidia."

"Basi vizuri, mwanangu."

Binti akaenda zake. Fundi Pindo akaiweka simu yake juu ya kabati, asikoweza kuifikia akiwa ameketi, akaendelea kushona huku machozi yakidondokea kitambaa cha watu.