Mafuta ya tumbo, mafuta ya kondoo na shingo ya dada yangu

Habari za humu, wakuu. Leo naandika jambo ambalo mwenyewe sijalielewa. Chumvi sitaongeza, limeshakolea.

Dada yangu Njeri aliungua shingo kwa maziwa yaliyokuwa yakichemka, kwetu Dundori.

Kidonda kilipona, lakini kovu likavuta kidevu chini. Akawa anatembea kama mtu anayetafuta sindano. Hata mawingu yakitanda, tulikuwa tunamwambia sisi. Kanisani wageni walidhani ni mpole. Njeri, mpole? Waulizeni ng'ombe wetu.

Sasa 2007 akaja daktari mgeni wa plastic surgery, hospitali moja Nakuru mjini.

Akasema atatoa mafuta kidogo tumboni mwa Njeri, ayadunge chini ya kovu. Eti ndani yake kuna stem cells, seli changa ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini, na huenda zikalainisha kovu. Hakuahidi kitu. Angejaribu kushoto kwanza, kisha arudi mwaka mpya afanye kulia.

Mimi nilikwama hapo kwa seli ambazo hazijaamua.

Mama hakukwama. Siku ya operation alifika na mkebe wa mafuta ya kondoo, yale tunampaka mtu akiungua.

"Daktari, huyu mtoto amekonda, usimpunguze. Tumia hii yangu."

Nesi alitafsiri akijikaza asicheke. Daktari alikataa kwa heshima, mama akarudi nyumbani na mkebe wake, amenuna.

Kushoto kukadungwa. Halafu uchaguzi, fujo, barabara zikafungwa, na daktari hakurudi tena. Iliniuma sana. Niliona dada yangu ameachwa nusu.

Mama akafungua mkebe. Kila jioni alisugua upande wa kulia na kuvuta ile ngozi mpaka Njeri anatoa machozi.

Wakuu, kushoto kulilainika. Kulia nako kukafuata, polepole.

Seli zilivuka? Ni kondoo? Nesi anasema kusugua peke yake husaidia kovu. Mama anasema mafuta ni mafuta. Mimi sijui nimshukuru nani.

Nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kupona kabla hujaelewa. Wenye ujuzi nifafanulieni hapa chini, taratibu tu.

Njeri simuulizi tena. Juzi nilimuuliza tukiwa nje, yeye anaona ni nini kilimponya. Akainua uso wote, akaangalia juu.

"Mvua inatoka upande wa Bahati," akasema. "Toa nguo kwa kamba."