Mayai ya Mzee

Juzi sokoni Kibuye nilisimama nyuma ya mjane aliyekuwa akiinua mayai juani, moja moja.

"Pole na mzee, Mama," muuzaji akamwambia. "Bado unaoka mayai?"

"Miaka ishirini nimemwokea mayai na mkate, makaa chini, makaa juu ya kifuniko cha sufuria. Mimi sikuwahi kuonja. Niliolewa nikiambiwa mayai ni ya wanaume."

"Na sasa?"

"Jumapili nilionja. Chumvi imezidi, hayaliki." Akarudisha yai kwenye trei. "Na mzee alikuwa anamaliza yote, anapangusa sahani na kidole, anasema asante."

Aliondoka bila kununua hata moja.

Mimi hujisifu kwamba mezani nasema ukweli. Jioni hiyo mke wangu aliponiuliza kama chumvi imekolea, nilimeza tonge, nikapangusa sahani na kidole, nikasema asante.